Nani analipia kelele za uwanjani?

Kila msimu wa Ligi Kuu ya England unapokaribia ukingoni, klabu huwaandikia mashabiki wao zikiwataka walipie tiketi za msimu unaofuata. Bei huwa imeshapangwa. Tarehe ya mwisho ya kulipa huwa imeshawekwa, na asiyelipa kwa wakati kiti chake hupewa mwingine aliye kwenye orodha ya wanaosubiri. Wasomaji wetu walioko Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Bujumbura wanaweza kusema hayo ni ya Waingereza na pesa zao, sisi yanatuhusu nini? Tunaamini yanatuhusu sote, yule anayeingia Emirates kwa miguu yake na yule anayeitazama Arsenal kwenye bandaumiza la Manzese.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Tiketi ya msimu humpa shabiki kiti kimoja, kile kile, kwa mechi zote 19 za ligi ambazo timu yake inacheza nyumbani. Analipa miezi kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Hajui kocha atakuwa nani. Hajui kama mshambuliaji anayempenda atauzwa Agosti, wala kama mechi ya Jumamosi mchana itahamishiwa Jumatatu usiku kwa sababu televisheni imetaka hivyo. Anatoa pesa yake, ama kwa mkupuo ama kwa mafungu, na klabu inaitumia wakati wa kiangazi ambapo hakuna mechi wala kiingilio. Kwa lugha ya benki huo ni mkopo usio na riba. Kwetu sisi mtu anayekukopesha bila riba, tena mwaka hadi mwaka, huitwa ndugu. Klabu nyingi siku hizi zinamwita mteja.

Haikuwa hivyo siku zote. Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool waliokwenda Sheffield kutazama nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Nottingham Forest walibanwa ndani ya vizimba vya jukwaa la Hillsborough. Waliokufa kutokana na maafa yale wanahesabiwa leo kuwa 97. Jaji Taylor aliyeongoza uchunguzi alitoa ripoti yake ya mwisho Januari 1990, akapendekeza viwanja vikubwa viachane na majukwaa ya kusimama na kila mtu awe na kiti. Pendekezo hilo liliokoa maisha na hatuna ugomvi nalo. Lakini watu husahau kwamba jaji huyo huyo aliliona suala la bei. Alieleza kuwa kiti si lazima kiwe ghali, akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox kule Glasgow, ambako kukaa kulikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Tofauti ya pauni mbili tu.

Klabu zilivichukua viti, zikauacha ushauri wa bei. Msimu wa 1989-90 tiketi ya msimu ya bei ya chini kabisa pale Anfield ilikuwa pauni 60. Mwaka 2011 ilikuwa pauni 725. Hiyo ni mara kumi na mbili. Mshahara wa dereva wa basi wa mji ule haukupanda mara kumi na mbili katika miaka hiyo, wala bei ya mkate.

Wakubwa wa klabu wana jibu lao, nalo si la kupuuzwa. Husema wachezaji wamekuwa ghali, viwanja vipya vimejengwa kwa mikopo mikubwa, na bila ya mapato timu itashuka daraja, halafu shabiki huyo huyo atakuwa wa kwanza kupiga kelele. Yote ni kweli. Ila tutazame pesa inakotoka. Mkataba wa kwanza wa televisheni wa Ligi Kuu, ulioanza mwaka 1992, ulikuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Ule wa kuanzia 2016 hadi 2019 ulipita pauni bilioni 5 kwa miaka mitatu, na hizo ni haki za ndani ya Uingereza peke yake. Juu yake kuna pesa za ng'ambo, zikiwemo zile anazolipa kila mwezi mwenye king'amuzi Nairobi, Kampala au Muscat, na zile shilingi mia tano au elfu moja ambazo kijana wa Tandale humpa mwenye banda ili apate nafasi kwenye benchi. Anayesema kiingilio cha mzee wa Liverpool ndicho kinachobeba mshahara wa mshambuliaji anatutania.

Sasa televisheni hizo zinanunua nini? Wengi watasema zinanunua mpira. Tulipata jibu kamili zaidi mwaka 2020. Ligi ilisimama Machi kwa sababu ya Korona, ikarudi Juni 17 viwanja vikiwa vitupu. Mechi zilichezwa, magoli yalifungwa, Liverpool ikachukua ubingwa wake wa kwanza baada ya miaka 30. Lakini mchezo ulikuwa umepooza kama harusi isiyo na ngoma, na vituo vya televisheni vikalazimika kutia kelele za kurekodi ili mtazamaji asizime seti yake. Wachezaji walikuwa wale wale, nyasi zile zile. Kilichokosekana ni watu wenye tiketi za msimu. (Samatta wetu alibahatika. Goli alilolifungia Aston Villa pale Wembley dhidi ya Manchester City, kwenye fainali ya Kombe la Ligi Machi 1 mwaka huo, alilifunga mbele ya watu wa kweli, siku chache kabla milango haijafungwa.)

Hapo ndipo penye hoja yetu. Mwenye tiketi ya msimu analipa kuingia, na akishaingia anatengeneza sehemu ya bidhaa ambayo klabu inaiuza dunia nzima. Nyimbo anazoimba na zomea anayompa refa, hata ule ukimya wa ghafla penalti inapotaka kupigwa, vyote vinauzwa. Mtu wa namna hiyo hapangiwi bei kwa kuangalia tu kiasi gani mfuko wake unaweza kuvumilia kabla haujapasuka.

Mashabiki wa Liverpool walilisema hilo kwa vitendo. Februari 2016 klabu yao ilitangaza kuwa baadhi ya viti vya jukwaa kuu jipya vitauzwa pauni 77 kwa mechi moja, na tiketi ya msimu ya bei ya juu ingepita pauni elfu moja. Jumamosi ya Februari 6, Liverpool ikiongoza mabao 2-0 dhidi ya Sunderland, ilipofika dakika ya 77 maelfu ya watu waliinuka wakatoka nje. Walikadiriwa kufika elfu kumi. Waliobaki walishuhudia Sunderland ikirudisha mabao yote mawili na mechi kumalizika 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wa klabu, ambao ni Wamarekani, waliomba radhi, wakaifuta bei ile. Tunawakumbusha wasomaji wetu kwamba waliotoka nje siku ile walikuwa wameshalipa. Waliacha robo saa ya mchezo waliyoinunua wenyewe.

Mwaka huo huo klabu zote za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba shabiki anayesafiri kuifuata timu yake ugenini asilipishwe zaidi ya pauni 30. Hilo nalo lilitanguliwa na miaka ya mashabiki wa timu hasimu kuandamana pamoja, wa Manchester na wa Liverpool bega kwa bega, jambo ambalo kwa wanaojua uhasama wao ni sawa na kumwona mtu wa Msimbazi na mtu wa Jangwani wakila sahani moja. Klabu hazikufilisika.

Kinachotutia wasiwasi zaidi sasa ni punguzo la wazee na watoto, kuliko hata bei ya mtu mzima. Mwaka 2024 Tottenham ilitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2025-26 mashabiki wanaofikia umri wa uzeeni wasingeingizwa tena kwenye punguzo la wazee, na kwamba punguzo la waliokwishalipata lingepunguzwa kidogo kidogo. Mashabiki wakaanzisha kampeni ya kuwatetea wazee wao. Novemba mwaka huo huo Manchester United ilipandisha tiketi za wanachama kwa mechi zilizobaki za msimu hadi pauni 66, bei moja kwa wote, bila ya nafuu kwa mtoto wala mstaafu. Kabla ya hapo mtoto angeweza kuingia kwa pauni 25.

Fikiria maana yake. Mzee wa miaka 67 ambaye amekaa kiti kile kile tangu enzi ambazo timu ilikuwa haina mbele wala nyuma, leo anaishi kwa pensheni. Mezani kwa mhasibu anaonekana ni hasara, kwa kuwa kiti chake kingeweza kuuzwa kwa mtalii anayekuja mara moja, akanunua jezi, skafu na kikombe cha chai chenye nembo. Mtoto naye ni hasara, kwani anachukua kiti kizima kwa bei ya nusu. Ukiwaondoa hao wawili unabaki na uwanja uliojaa watu wa makamo wenye kipato. Kwa mwaka mmoja au miwili hesabu zitapendeza. Lakini kwenye soka mapenzi hurithiwa. Babu humpeleka mjukuu, mjukuu hulia siku ya kwanza timu ikifungwa, na kuanzia siku hiyo hana ujanja tena. Mnyororo huo ukikatwa hakuna idara ya masoko itakayouunga.

Tunajua tutajibiwa kuwa foleni ya wanaotaka tiketi za Arsenal au Liverpool ni ya miaka mingi, kwa hiyo bei haijawa kubwa. Foleni ya kisimani nayo hurefuka wakati wa ukame, na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kusema urefu wake ni ushahidi kuwa maji yanauzwa kwa haki. Mwenye kiu hana pengine pa kwenda, na shabiki ni hivyo hivyo. Hawezi kuhamia timu ya jirani kwa sababu bei ni nafuu, kama anavyohama duka la nyama. Klabu zinalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kuna wanaofanya tofauti. Bradford City, klabu ya madaraja ya chini, iliuza tiketi za msimu kwa pauni 149 kwa miaka kadhaa. Ukigawa kwa mechi 23 za nyumbani unapata kama pauni sita na nusu kwa mechi. Ikiwa daraja la nne ilikuwa ikipata watazamaji zaidi ya elfu kumi kwa wastani, na msimu wa 2012-13 ikaitoa Arsenal na kufika fainali ya Kombe la Ligi. Huddersfield Town ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017 ilitimiza ahadi yake. Waliokuwa nayo mfululizo katika miaka ya dhiki walilipa pauni 100 tu kwa msimu mzima. Kule Ujerumani, katika miaka ya 2010, tiketi ya kusimama ya Bayern Munich ilikuwa kiasi cha euro 140 kwa mechi 17, wakati klabu hiyo ikibeba mataji ya Ulaya. Na kusimama kwenyewe kumeanza kurudi England tangu Januari 2022, safari hii kwa vyuma vya usalama mbele ya kila mtu.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Uingereza tuna la kusema kuhusu hesabu, maana tunawajua. Bei ya tiketi ya msimu isisomwe kwa tarakimu ya juu peke yake. Msimu wa 2014-15 Arsenal ilisemwa kuwa ghali kupita wote, tiketi yake ya chini kabisa ikiwa pauni 1,014, na Manchester City ikasifiwa kwa tiketi ya pauni 299. Tofauti ilikuwa kubwa kweli, lakini ya Arsenal ilihesabu mechi 26, zikiwemo saba za vikombe, kwa hiyo ilikuwa pauni 39 kwa mechi. Ya City kwa mechi 19 za ligi ilikuwa chini ya pauni 16. Ugawaji huo mdogo wa hesabu za skuli ya msingi ufanyike kabla ya kutoa kadi ya benki.

Halafu ugawe tena kwa mechi ambazo kweli utakwenda. Wengi wetu hufanya kazi za zamu, kwenye nyumba za kutunzia wazee, maghala, teksi na hospitali, na zamu za Jumamosi ndizo zinazolipa vizuri. Mtu anayepata Jumamosi nane kwa msimu amenunua mechi nane kwa bei ya 19. Baadhi ya klabu sasa zimeweka sharti kwamba usipotumia kiti chako kwa idadi fulani ya mechi unaweza kunyang'anywa. Mtu wa namna hiyo afadhali awe mwanachama wa kawaida na anunue mechi moja moja. Au aelekee kwenye klabu ndogo iliyo karibu na anapoishi, ambako mtoto huingia kwa bei ya chipsi na wachezaji husimama langoni kusalimiana na watu. Tunashangaa Waswahili wangapi wamekaa miaka kumi jirani na uwanja wa daraja la tatu na hawajawahi kuuingia, huku wakidai hawawezi kuishi bila mpira.

Tahadhari nyingine ni ya kisheria. Ndugu akija kutoka nyumbani, jambo la kwanza analoomba ni kupelekwa uwanjani, na hapo ndipo kadi za watu zinapoanza kuzunguka mitaani kwa bei ya kuruka. Nchini England na Wales, kuuza tiketi ya mechi ya soka bila idhini ya klabu ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1994. Klabu zina utaratibu wake wa kuhamisha au kurudisha kiti usichokitumia. Kwa mgeni asiye na makaratasi kamili, au mwenyeji anayesubiri jibu la ombi la uraia, pauni hamsini za faida hazilingani na kesi.

Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda msimamizi huru wa soka. Hakupewa uwezo wa kupanga bei za tiketi. Kazi hiyo imebaki kwa klabu, na kinga imebaki kwa mashabiki wenyewe na vyama vyao. Ada za vyama hivyo kwa kawaida ni ndogo, na tungependa kuona majina ya watu wetu humo, maana kwenye majukwaa wamo siku nyingi.

Na nyumbani je? Kwetu tiketi ya msimu bado haijawa mazoea. Mtu wa Simba au Yanga hununua kiingilio cha mechi kwa mechi, siku hizi kwa kadi ya kielektroniki, na uanachama ni jambo la pembeni lenye kadi yake. Lakini upepo unavuma upande huo. Wanachama wa Simba walikubali mfumo wa hisa, wanachama asilimia 51 na mwekezaji asilimia 49, na Yanga nayo ikafuata njia hiyo. Mwenye kuijua Ujerumani ataona ufanano, kwa sababu huko pia kanuni inataka wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura. Bei za Munich na Dortmund hazikushuka kutoka mbinguni. Zinawekwa na viongozi wanaojua kuwa iko siku watasimama mbele ya mkutano wa wanachama kuulizwa. Hapa England mwanachama ana haki ya kununua tiketi na kupokea barua pepe ya kumtakia heri ya kuzaliwa.

Kwa hiyo swali letu kwa viongozi wa Msimbazi na Jangwani ni hili. Siku mtakapoamua kuuza viti vya Benjamin Mkapa kwa msimu mzima, kama mnavyoweza kuamua wakati wowote, ile asilimia 51 itakuwa na sauti gani kwenye bei? Bei ya mzunguko, anapokaa mama lishe na mpiga debe, itapelekwa kwenye mkutano mkuu kabla ya kutangazwa, au wanachama wataisoma kwenye bango la mdhamini kama wengine? Katiba za klabu zote mbili zimekwishafanyiwa marekebisho kwa ajili ya mwekezaji. Hatuoni ugumu wa kuongeza kifungu kimoja kwa ajili ya anayekaa juani.